Kitenge Kilichopaswa Kurudi Beni

Mkasi ukipita katika kitambaa kilichokunjwa mara nne hutoa sauti nzito, ya kukokota, kama ng'ombe anayeng'oa majani. Godelive Kahongya aliisikia sauti hiyo asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwake Rughenda, mtaa wa Butembo, na wakati huo hakuitilia maanani. Aliisikia kila siku. Mwaka ulipokuwa unaisha ikawa inamrudia yenyewe, pasipo mkasi wala kitambaa, akiwa anachambua maharagwe au amesimama kwenye foleni ya maji.

Ana miaka hamsini na miwili na anashona mablanketi ya vipande. Butembo ni mji wa baridi, na blanketi lake huwa na matabaka matatu: juu vipande vya vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini shuka nene. Mafundi cherehani wa mtaani humletea mabaki yao, naye huwatobolea matundu ya vifungo, kazi ambayo hakuna fundi anayeipenda. Ndege ndogo za uwanja wa Rughenda hupita juu ya paa lake. Amezizoea kiasi kwamba huacha tu kukanyaga cherehani mpaka zipite, kisha huendelea pale mguu ulipoishia.

Mabaki ya mafundi humfikia yakiwa yamefungwa ndani ya kipande kilicho kikubwa kuliko vyote, ncha nne zimekutanishwa na kupigwa fundo. Katika kazi yake kifungio nacho ni mali ya kukata. Hufungua fundo, hupiga pasi ya makaa, na huanza na hicho hicho kwa sababu ndicho kikubwa.

Katika familia mambo ni tofauti. Mtu akikutumia viazi au nguo za mtoto ndani ya kitenge, unatoa mzigo, unakunja kitenge na kukiweka mahali pa juu, mpaka siku utakapopata kitu cha kutia ndani. Ndipo kinarudi kwa mwenyewe. Kukirudisha kitupu ni aibu. Kutokirudisha kabisa, hilo halina hata jina. Hakuna anayefundishwa jambo hili, na hakuna anayetuma kitenge akasema nakiomba kirudi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, Nassoro, dereva wa Beni ambaye gari lake hupanda na kushuka barabara ya Beni na Butembo karibu kila siku, alimletea furushi kutoka kwa Kavira. Kavira anaishi Beni, na ni mjane wa Siméon, kaka yake Godelive. Siméon alifia Mangina mwaka ule wa ugonjwa wa kuambukiza, miaka saba iliyopita. Alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, na vitu vyake vyote vya nyumbani vilichomwa. Godelive hakwenda. Alisema barabara haikuwa nzuri, na kweli haikuwa nzuri, lakini wengine walipita. Kavira hakumlaumu. Aliacha tu kupiga simu, na miaka ikapita hivyo, salamu zikitumwa kupitia kwa wafanyabiashara, kila mara maneno yale yale.

Kwa hiyo furushi lilikuwa jambo kubwa. Sifa, binti wa Siméon, alikuwa karibu kuzaa mtoto wake wa kwanza. Kavira alikuwa amepita kwa wanawake wote wa ukoo, kila mmoja akampa kipande cha kitambaa, na sasa alimwomba shangazi wa Sifa ashone blanketi la mtoto. Nassoro aliuleta ujumbe huo kwa ukamilifu, akanywa chai, akaondoka.

Godelive alikaa na furushi mapajani muda mrefu. Halafu alifungua fundo, ambalo lilikuwa la mara mbili. Vipande vilikuwa kumi na saba. Kifungio kilikuwa kitenge kilichofuliwa mpaka maua yake yakabaki kama alama ya maji ukutani. Alikiweka pamoja na vingine. Wiki mbili baadaye alikipiga pasi, akakikunja mara nne, akakata. Vipande arobaini vya mraba, kila kimoja shibiri moja.

Tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili, simu ililia, na alikuwa Kavira mwenyewe. Sifa alikuwa amezaa jana yake, mtoto wa kike, Gracieuse. Walicheka pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu zamani. Kavira aliuliza habari za baridi, za kikohozi cha Godelive, za blanketi. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka chumvi baada ya kutaja mboga zote:

"Na ile kitenge nilifungia vitu, njo ile Siméon alimununulia Sifa mbele azaliwe. Ile tu njo ilibakia. Nilitaka ipite kwanza mu mikono yako, weye shangazi, kisha mutoto abebwe nayo."

Godelive alitazama meza. Vipande kumi na kimoja vilikuwa tayari vimeshonwa katika blanketi. Ishirini na vinane vilikuwa vimepangwa kando. Kimoja kilikuwa kwenye daftari lake la kazi.

"Iko," alisema. "Nitaileta miye mwenyewe, mbele ya Bonane, mbele mwaka mupya uingie."

Walipoagana alibaki ameshika simu. Kitambaa kilichokatwa hakina njia ya kurudi nyuma, na mshonaji hujua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kitenge hiki alikuwa amewahi kukiona, mara mbili au tatu, mgongoni mwa Kavira, kikiwa chekundu na cha manjano. Hakuwa amekitambua kwa sababu rangi zilikuwa zimekwisha, na kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea mafundo ya mafundi.

Lile daftari ni desturi yake ya kila mwaka. Ni daftari la shule, lenye jalada la kijani. Kila blanketi analoshona huacha kipande kimoja humo, kimebanwa kwa pini, na pembeni huandika mstari au miwili: limekwenda kwa nani, nini kilimshinda. Juma la mwisho la mwaka huondoa kila kitu mezani na kusoma kurasa zote tangu mwezi wa kwanza. Kisha, kwenye ukurasa wa mwisho, huandika mambo matatu anayotaka kuyafanya katika mwaka mpya.

Mwaka huu kurasa zilikuwa nyingi. Mablanketi kumi na tisa, na zaidi ya nusu yalikuwa yamekwenda kwa familia zilizokimbia kutoka upande wa Lubero, baadhi yao kutoka Alimbongo, alikozaliwa. Hayo aliyashona haraka, na pembeni mwa vipande vyake aliandika maneno machache sana. Kwenye moja aliandika: mama alilinusa kabla ya kulipokea. Kwenye lingine: pembe hazikukutana, hakuna aliyeuliza.

Mambo matatu aliyokuwa ameyaandika mwaka uliotangulia yalikuwa pale pale. Alitaka kujifunza kushona duara. Alilishona, mwezi wa tano, likatoka kama yai, akalishona tena mwezi wa nane likatoka kama yai dogo zaidi. Alitaka kupunguza rangi nyeusi, na hilo lilifanyika lenyewe kwa sababu mafundi hawakuwa na nyeusi. Jambo la tatu lilikuwa kumaliza blanketi la kitanda chake mwenyewe. Mstari huo alikuwa ameuandika miaka sita mfululizo. Blanketi hilo alilianza baada ya kifo cha Siméon, na ndani yake kulikuwa na vipande vya kitenge cha bluu cha kwaya, kile walichovaa wote wawili walipokuwa vijana wakiimba parokiani Alimbongo. Cha Siméon kilichomwa pamoja na vitu vingine. Cha Godelive kilibaki, na alikuwa amekikata vipande vyembamba ili kitoshe kuzunguka blanketi lote.

Siku mbili baada ya simu ya Kavira, Florentine alikuja na mabaki. Florentine ni fundi wa nguo za wanawake, jirani wa nyumba ya tatu, na mdomo wake hutangulia miguu. Aliviona vile vipande vya rangi iliyokufa vimepangwa mezani katika safu nne za saba saba, na Godelive akamweleza yote, kwa sababu alihitaji kumweleza mtu.

Florentine alijibu upesi kuliko ilivyofaa.

"Siku moja nitasinzia hapa kwako," alisema, akishika sketi yake, "nitaamuka sina jupe."

Godelive hakucheka. Florentine akavuta kiti, akakishika kipande kimoja, akakigeuza.

"Umuambie ilipasuka, mama. Kitenge ya miaka makumi mbili na ine, nani atauliza?"

"Itapasuka aje vipande makumi ine, vyote sawasawa?"

"Basi useme ni panya. Panya ya kwako ilisoma couture, inajua mkasi."

Hapo Godelive alicheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Florentine alirudia ushauri wake mara mbili zaidi kabla ya kuondoka, safari hii bila mzaha. Hakuna atakayeumia, alisema. Yule mama amepoteza mume. Kwa nini apewe na hili? Neno dogo, ilipasuka, na kila mtu anaendelea kulala vizuri.

Baada ya Florentine kuondoka, Godelive alifumua vile vipande kumi na kimoja kutoka kwenye blanketi la mtoto, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe. Blanketi lenyewe alilimaliza baadaye kwa vipande kumi na saba vya wanawake wa ukoo, na lilitoka dogo na zuri. Kipande cha arobaini alikitoa kwenye daftari. Kwenye karatasi yalibaki matundu mawili ya pini.

Aliamua kukirudisha kitenge kiwe kitenge, safu tano za vipande vinane vinane. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Tatizo lilikuwa hesabu ya mishono. Kila mshono hula kitambaa pande zote mbili, na mishono saba kwa urefu ilikuwa imekula shibiri nzima. Kwenye blanketi hilo si kitu. Lakini mbeleko hufungwa kifuani, na shibiri moja ndiyo fundo lenyewe. Zaidi ya hapo, mshono wa kawaida wa blanketi haubebi uzito. Blanketi hulala juu ya mtu. Mbeleko huvutwa kutwa nzima, mtoto anapopiga teke, mama anapoinama kuchota maji. Mshono ukifunguka, mtoto yuko chini.

Katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kushona kitu ambacho mtu angeweza kuanguka kutoka ndani yake.

Alichukua suruali kuukuu ya jinzi, akaifumua upande mmoja wa paja ili aone inavyoshikana. Kingo mbili zimekunjwa, mmoja umeingia ndani ya mwenzake kama vidole vya mikono iliyofumbatana, kisha zimepigwa nyuzi mbili juu. Alijaribu kwenye matambara. Mara ya kwanza zilijikunja, na mara ya tano zikalala bapa, bila kingo ngumu za kumkwaruza mtoto. Lakini mshono wa namna hiyo ulikula kitambaa zaidi kuliko ule wa kawaida. Kitenge kingezidi kuwa kifupi.

Ilibidi kuongeza kitu kati ya safu na safu. Alijaribu kitenge kipya alichopewa na Florentine. Kilikuwa kigumu, na kando ya kile cha zamani kilionekana kama mgeni aliyevaa viatu msibani. Alijaribu shuka jeupe, akaliondoa upesi. Siku nzima vipande vilikaa mezani bila kuguswa.

Kesho yake alifungua sanduku, akatoa blanketi la kitanda chake, akalitandika sakafuni. Halikuwa baya. Kona moja tu ilikuwa haijakamilika, pamoja na ukingo. Alilitazama kwa muda unaotosha kuchemsha chai, kisha akachukua wembe na kuanza kufumua vipande vya bluu.

Vilikuwa vyembamba, upana wa vidole vitatu, vimefuliwa kiasi kile kile. Alivitia kati ya safu, vinne kwa kwenda chini na saba kwa kwenda kando, na kitenge kikarudi kwenye urefu wake, kikapita kidogo. Maua hayakukutana tena popote. Jani lilianza katika mraba mmoja na kuishia kwenye bluu, na mraba uliofuata ukaanza na kitu kingine. Godelive alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka na pembe zinazokutana. Hiki hakikuwa na lolote kati ya hayo, na mara kadhaa alijikuta amesimama mbali nacho, mikono kiunoni, akikitazama kama mashamba ya viazi ya Alimbongo yanavyoonekana kutoka barabarani, kila mtu amelima kufuata mlima wake.

Tarehe thelathini alikaa na daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika namba moja, na mbele yake: blanketi la mashamba ya Alimbongo, bila rula. Namba mbili: mshono wa jinzi, kumfundisha Florentine, anyamaze anapojifunza. Aliandika namba tatu, mahali ambapo kwa miaka sita uliandikwa mstari wa kitanda chake. Kalamu ilikaa hapo. Alifunga daftari bila kuandika chochote, akakunja kitenge na kukifunga pamoja na blanketi la mtoto katika shuka. Ndani ya furushi alitia pia kilo ya maharagwe mekundu, kwa sababu kitenge kilikuwa kinarudi.

Nassoro alimchukua asubuhi ya tarehe thelathini na moja, akampa kiti cha mbele kwa heshima. Njiani alitaka kujua mama anapeleka nini Beni akiwa amekumbatia furushi namna ile, na Godelive, ambaye siku hizo hakuweza kukaa na jambo, akamweleza. Nassoro alipunguza mwendo penye shimo. Kisha akasema yeye mwenyewe ndiye aliyelileta furushi lile, na alipoona fundo limepigwa mara mbili alijua ni kitu cha kurudi, akadhani mama naye ameona. Aliuliza kama mishono itamudu mtoto. Godelive akasema hajui. Nassoro akapiga kiti chake kwa kiganja na kusema kimetiwa viraka mara nne, na kila siku kinabeba watu walio wanene kuliko Gracieuse.

Beni kulikuwa na joto. Mbele ya nyumba ya Kavira kakao ilikuwa imeanikwa juu ya turubai, na harufu yake ya uchachu ilijaa uani. Kavira alitoka akiwa na unga mikononi. Alikuwa amekonda. Walishikana kwa viwiko kwa sababu ya ule unga, wakabaki hivyo, na Kavira akasema wasingya, asante kwa Kinande, mara mbili, ingawa bado hajapewa kitu.

Ndani, Sifa alikuwa ameketi kitandani na mtoto. Ana uso wa Siméon, paji lile lile. Godelive alimchukua Gracieuse, akamwombea, akamrudisha. Walikula. Walizungumza habari za barabara, za bei ambazo hakuna aliyezifurahia, za misa ya kesho. Blanketi lilifunguliwa kwanza, na Kavira alitaja kipande kimoja baada ya kingine, hiki cha Emérence, hiki cha mama yake mdogo. Alikifikia cha mwisho, akaangalia kilichobaki mezani.

Kitenge kilikuwa kimekunjwa. Kavira alikikunjua mwenyewe.

Alikishika mbele yake kwa mikono iliyonyooshwa, na mwanga wa dirisha ukapita ndani yake kila mahali isipokuwa kwenye mishono. Alipitisha kidole kwenye bluu, kutoka juu mpaka chini, kisha kwenye bluu nyingine. Sifa alimtazama mama yake, akamtazama shangazi yake, akasimama.

"Tuivute," Sifa alisema. "Tuone."

Alishika ncha moja, Kavira akashika nyingine, wakavuta, wakaegemea nyuma kama wanawake wanaokamua shuka zito. Uzi haukulia. Walivuta tena kwa mshazari. Kisha Sifa aliinama, Kavira akamlaza mtoto mgongoni mwake, akapitisha kitenge juu, akakibana chini ya makwapa, akakifunga kifuani. Fundo lilitosha, na ncha zikabaki upana wa kiganja. Gracieuse alisogeza kichwa, akapata mahali, akatulia. Sifa alizunguka chumbani polepole, mara moja, mara mbili.

"Anasinzia," alisema.

Kavira alikaa kwenye kigoda. Macho yake hayakutoka mgongoni kwa binti yake, ambako safu tano za vipande zilipanda na kushuka na pumzi ya mtoto. Alisafisha koo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango na kusimama pembeni.

"Ilikuwa imezeeka ile kitenge, yaya, dada yangu," alisema. "Nilikuwa namuambia Sifa, haitafika mbali. Ilipasuka tu, eeh? Ukaitengeneza."

Nje mtu alikuwa anageuza kakao kwa reki. Sifa alikuwa amesimama, mkono mmoja nyuma, chini ya mtoto, ingawa hakukuwa na haja. Godelive aliangalia mikono yake, kidole cha shahada kilichotobolewa na sindano, na wala hakuinua uso. Mtoto alikuwa amelala, na alizungumza kama mtu asiyetaka kumwamsha.

"Hapana, Kavira. Ilikuwa nzima. Ni miye njo niliikata."